Umeme Unaonuka Samaki

Dobi alijaliwa pua, na pua hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Ukimletea shati, kabla hajalitupia kapuni atalinusa ukosi, kisha akwambie kama ulilala nalo, kama ulikaa nalo jikoni, au kama ulikumbatiwa na mtu aliyejipulizia manukato ya bei ya chini. Wateja walicheka huku wakitazama pembeni, lakini walirudi, kwa sababu nguo iliyopita chini ya pua ile ilitoka bila harufu yoyote ila ya sabuni na jua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane asiye na mtoto, mikono imechujuka kwa maji mpaka mistari ya viganja haionekani. Na kati ya machukizo yote ya dunia, hakuna lililomchefua kama nguo iliyolazwa majini.

Kwa hiyo mwaka ule umeme ulipoanza kukatika kila siku, alikiona cha mtema kuni. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji: mashine mbili za kufulia ukutani, meza ya pasi chini ya dirisha, na nyuma uani kamba za kuanikia. Umeme uliondoka asubuhi bila kuaga, ukarudi jioni bila hodi. Mashine ikizimika katikati ya kazi, mlango wake haufunguki, basi makoti meupe ya hospitali yanabaki humo ndani kutwa nzima, yamelowa kwenye maji vuguvugu na povu lililokufa. Ukija kufungua unapigwa usoni na uvundo kama wa kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndooni. Dobi aliyafua upya kwa mkono, ameuma meno, kila mara akijinusa vidole na kuvinawa tena.

"Tutakufa na kinyaa," alimwambia Mpiga Pasi.

Mpiga Pasi alikuwa mzee mwembamba aliyekaa kwenye meza ile tangu enzi za marehemu mume wa Dobi. Alijibu bila kuinua macho, "Mimi nitakufa na njaa kwanza. Pasi haipigi yenyewe ikiwa baridi."

Ndipo akaja Spana, mdogo wake Dobi, tumbo moja. Mama yao alipofariki, Spana alikuwa na miaka sita na dada yake ishirini, kwa hiyo ni Dobi aliyemkogesha, akamkata kucha, akamfuta kamasi, akamfundisha kunawa mikono mpaka viwiko. Yule mtoto msafi akakua, akawa fundi wa injini, mweusi wa grisi kuanzia kope hadi nyayo. Siku hiyo aliingia dukani akicheka peke yake.

"Dada, nimepata injini. Ilikuwa ya mashine ya kusaga nafaka, mwenyewe kafunga kazi. Nitaifungia mkanda, nitaipa dainamo, utakuwa na umeme wako hapo uani. Wakate wasikate, haikuhusu."

"Injini ya dizeli hiyo. Nitainunulia dizeli kwa kuuza nini, figo?"

"Nani kakwambia inakunywa dizeli? Itakunywa mafuta ya kupikia."

"Spana, hebu niondokee."

"Yaliyokwisha kupikia, Dada. Yale ambayo wakaangaji na mahoteli wanamwaga mtaroni. Bure kabisa! Dizeli kidogo tu ya kuwashia, na kidogo ya kuzimia ili isigande kooni. Hapo katikati inakunywa taka."

Neno taka lilimfanya Dobi akunje uso. Lakini aligeuka akatazama mashine yake ya pili, iliyokuwa imejifungia mashuka ya wodi tangu saa mbili. Akajikaza kisabuni.

"Lete," akasema.

Pipa la kwanza lilifika juu ya mkokoteni. Spana alilifungua kwa fahari, kama mtu anayefungua sanduku la mahari, na Dobi akarudi nyuma hatua tatu. Juu kulikuwa na utando wa kijivu, unene wa kidole, uliotikisika wote kwa pamoja. Spana aliupasua kwa kijiti. Chini yake mafuta yalikuwa meusi kama maji ya mtaro, na ndani yake vikaelea vipande vya ngozi ya kuku, magamba ya samaki, vijiti vya meno, na mende wanane au kumi waliokufa wamekunja miguu. Harufu haikutoka mara moja. Ilipanda polepole, nzito, ikamkaa Dobi kwenye ulimi. Alitema mate. Akatema tena.

"Hicho unachokiona ni umeme," alisema Spana.

"Ninachokiona ni matapishi."

Hata hivyo kazi ile ilifanywa kwa ustadi. Spana alijenga kibanda cha bati kwenye kona ya uani. Alichemsha mafuta kwenye nusu ya pipa mpaka maji yote yakaruka, akayachuja mara tatu kwa mashuka mabovu aliyomwomba dada yake, akayaacha siku mbili yatuame. Mashapo yalishuka chini, mazito kama ugoro uliolowa, na juu yakabaki mafuta ya rangi ya chai. Siku ya kuwasha injini alianza na dizeli. Ilikohoa, ikapiga mateke, ikatulia. Ndipo Spana akafungua koki ya pili. Mle dukani taa zikawaka, mashine mbili zikaanza kuzunguka kwa pamoja, na Mpiga Pasi akatema mate kidogo kwenye pasi yake, ikalia tsss.

"Mungu mkubwa," alisema mzee. Kisha akanusa. "Nani anakaanga samaki?"

Hapana aliyekuwa akikaanga. Ni moshi wa injini uliotambaa uani, na ulinuka kila kitu kilichowahi kukaangwa mji mzima: samaki, kuku, viazi, vitunguu vilivyoungua. Ulipita katikati ya kamba za nguo taratibu kama mgeni anayekagua nyumba. Dobi alikimbia kuanua, lakini ilikuwa imeshakuwa.

Siku ya tatu Matroni alikuja mwenyewe. Alikuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali ndogo iliyoko nyuma ya soko, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na ndiye mteja mkubwa kuliko wote: makoti arobaini kwa wiki, na mashuka ya wodi juu yake. Aliweka koti moja mezani.

"Dobi, leo asubuhi nimefuatwa na paka. Wawili. Kutoka getini mpaka chumba cha sindano."

Mpiga Pasi aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Dobi alilinusa lile koti na uso ukamwiva kwa aibu. Shombo! Shombo kwenye koti la muuguzi, mkono wake mwenyewe ndio uliolifua. Aliomba radhi mara tano, akamwahidi Matroni kwamba haitatokea tena. Jioni hiyo hiyo alimsimamia Spana mpaka akaunga bomba la moshi na kulipandisha juu ya paa, mita tano, likageukia upande wa kiwanja kitupu. Kamba zikahamishiwa mbele ya duka. Makoti yakafuliwa upya kwa sabuni ya maji yenye harufu ya waridi, aliyokuwa akiinunua kwa madumu kwa ajili ya vitambaa vya meza vya harusi. Paka wakakata tamaa.

Lakini kinyaa hakikukata tamaa. Mafuta yale yaliingia kila mahali. Kitasa cha mlango kilinata. Sakafu ya uani iliteleza. Panya walikuja kulamba mapipa mchana kweupe, wakubwa, manyoya yamelowa na kushikamana, wala hawakukimbia ukiwafukuza. Walikutazama tu kama wewe ndiye umewakatiza chakula. Siku moja maji machafu ya mashine yaligoma kutoka, yakafurika sakafuni hadi kwenye miguu ya meza ya pasi. Dobi alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo la maji, na vidole vyake vikakutana na kitu laini. Alikivuta. Likatoka donge jeupe la mafuta yaliyoganda, refu kama mkono wa mtoto, lenye nywele na nyuzi na magamba ndani yake, likitoa maji ya kijivu. Spana alikuwa akimwaga mashapo humo. Dobi alilitupa uani, akaoga kwa maji ya moto mara mbili, na usiku ule mkono ule aliuweka nje ya shuka.

"Ukimwaga tena humo nitakumwagia wewe," alimwambia ndugu yake.

"Nisamehe, Dada. Nitachimba shimo."

Akachimba. Na siku zikaenda. Mtaa mzima ukiwa gizani, duka la Dobi linanguruma. Madobi wa mitaa mingine wakaanza kuletewa lawama na yeye akaletewa nguo. Aliongeza mashine ya tatu. Makali ya kinyaa yakapungua, kama kidonda kinapofunga ngozi. Alijifunza kupita kwenye kibanda bila kuvuta pumzi, basi.

Kitu kimoja tu kilimkwaruza. Spana alikuwa akileta mapipa manne kwa wiki, na injini ilikuwa haimalizi hata mawili. Kibandani kulipangwa madumu ya mafuta yaliyochujwa vizuri ajabu, safi, ya dhahabu, unaona upande wa pili. Leo ukiyakuta kumi, kesho kutwa hayapo.

"Yanakwenda wapi haya?" aliuliza siku moja.

"Akiba, Dada. Mengine nampa rafiki yangu mwenye mashine ya kuranda mbao. Na yeye kaniona, kataka injini kama yetu."

Jibu lilikuwa zuri mno, na Dobi aliona lilivyokuwa zuri mno. Lakini mashine tatu zilikuwa zikizunguka. Alijitia hamnazo, akarudi kwenye nguo zake.

Mchana wao, yeye na Mpiga Pasi, walikula kwa Mama Karai. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa na meza na karai kubwa kwenye kona ya barabara, hatua hamsini kutoka dukani, akikaanga viazi na samaki tangu asubuhi mpaka jua linazama. Siku moja, miezi kama minne baada ya injini kuwashwa, Mpiga Pasi alirudi na chakula kwenye karatasi, wakakaa pembeni ya meza ya pasi. Dobi alikuwa na njaa. Alitupa viazi vitatu mdomoni bila kufikiri, akatafuna, akameza. Cha nne kilipopita chini ya pua, mkono wake ukasimama hewani.

Waridi.

Alikinusa tena, polepole, macho amefumba. Chumvi. Kiazi. Mafuta. Na chini ya yote hayo, mbali lakini ipo, harufu ya sabuni yake mwenyewe ya waridi, na harufu ya kitambaa kilichochemshwa.

"Nini?" aliuliza Mpiga Pasi, mdomo umejaa.

Dobi alitoka na kiazi kile mkononi, akashika barabara. Mama Karai alikuwa akigeuza samaki, jasho likimtiririka. Chini ya meza yake, nyuma ya ndoo ya viazi, yalikuwa yamepangwa madumu mawili ya njano. Dobi aliinama. Dumu la mbele lilikuwa limekwanguliwa kwa msumari herufi moja begani, D, aliyoikwangua kwa mkono wake mwenyewe siku aliponunua sabuni. Alikuwa ameyatafuta madumu yake matupu kwa wiki kadhaa, akadhani wezi. Alifungua kifuniko. Dhahabu tupu, safi kama asali.

Alifika mtaroni kwa hatua mbili. Viazi vikatoka, na chai ya asubuhi ikafuata, na ilipokwisha yote tumbo likaendelea kujikamua bure. Kwenye macho yake yaliyojaa machozi aliwaona mende wale wamekunja miguu. Aliuona ule utando wa kijivu ukitikisika. Kila alipomeza mate, koo lilihisi mafuta.

"Pole, jirani," alisema Mama Karai nyuma yake. "Una mimba au malaria?"

Dobi alijifuta mdomo. "Haya mafuta unayatoa wapi?"

Mama Karai alitazama huku na huku. Hakukuwa na mteja karibu. Akashusha sauti, bila hasira, kama mtu anayetaarifu kwamba mvua inanyesha.

"Kwa mdogo wako. Jamani, kwani hujui? Yeye kasema dada yake anajua."

"Unajua yanatoka wapi?"

"Dobi, bei ile, wewe ungedhani yanatoka wapi, mbinguni?" Aligeuza samaki mmoja. "Mimi nayachanganya na mapya, nusu kwa nusu. Moto unaua kila kitu. Mbona wewe umekula miezi yote hiyo, na umenenepa?"

Maneno haya yalimwingia kuliko tusi. Alirudi akipita kando ya ukuta, akiushika kwa mkono.

Spana alikuwa kibandani, akiminya shuka lililolowa juu ya beseni. Matone ya dhahabu yalianguka moja moja. Aliinua uso, akatabasamu, kisha akaona uso wa dada yake na tabasamu likamkauka.

"Mama Karai," alisema Dobi.

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Unawalisha watu?"

"Mafuta ni mafuta! Ona." Spana alichovya kidole kwenye beseni, kidole kile kile cheusi cha grisi, akakiweka mdomoni, akakilamba mpaka mwisho. "Ona. Yana ubaya gani? Wewe mwenyewe ulisema hujawahi kuona mtu anayechuja kama mimi. Kazi safi umenifundisha wewe, Dada, hakuna mwenye mikono..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa!" Sauti ilimtoka kali hata injini ikaonekana kunyamaza. "Sikukufundisha hili. Nilikufundisha kunawa kabla hujagusa chakula cha mtu. Unamwuzia nani mwingine?"

Spana alitazama ardhi.

"Nakuuliza."

"Watu wawili watatu wa sokoni."

"Na?"

Matone yaliendelea kuanguka.

"Na jiko la hospitali."

Dobi alishika nguzo ya kibanda. Alimwona Matroni na uso wake mkavu. Aliyaona mashuka ya wodi, madoa yake anayoyajua mmoja mmoja, jasho la homa, dawa, damu. Watu wa kwenye mashuka yale ndio waliokuwa wakilishwa haya.

"Sasa wewe unalia," alisema Spana, sasa kwa ukali, kwa kuwa alikuwa amebanwa. "Lakini dainamo ilipoungua mwezi uliopita, nani kanunua mpya? Wewe? Mabomba ya paa, mkanda, mashine yako ya tatu niliyokusogezea fedha, vilitoka wapi? Hukuuliza. Uliuliza mara moja, nikakupa jibu, ukalichukua haraka haraka. Usijifanye malaika. Umeme umeutaka."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilinuka kuliko pipa. Dobi alijisikia mwili wake mwenyewe unamchefua: mikono iliyopokea, masikio yaliyosikia madumu yakipakiwa alfajiri na kusema yanakwenda kwa yule wa kuranda mbao. Kisha akaona dumu la dizeli la kuwashia, limekaa pembeni ya injini.

"Mafuta haya yakichanganywa na dizeli, injini itayanywa?"

"Itayanywa, tena vizuri zaidi. Kwa nini?"

Dobi aliliinua dumu lile kwa mikono miwili. Alianza na lile beseni. Kisha akapita kwenye madumu ya dhahabu moja baada ya jingine, akifungua na kumimina, na kwenye mapipa mabichi yenye utando, mpaka kibanda kizima kikanuka kituo cha mafuta. Spana alimshika mkono mara moja. Dada yake alimtazama, naye akauachia.

"Kuanzia leo," alisema Dobi akihema, "pipa likivuka geti hili linatiwa dizeli kabla halijashushwa. Mwenye kutaka kukaangia, akaangie."

"Umenimaliza," alisema Spana. Midomo ilimtetemeka kama alipokuwa na miaka sita. Alichukua mfuko wake wa vyuma na kuondoka, akiacha koki wazi, na Dobi akalazimika kuzima injini mwenyewe kwa kubahatisha.

Hakungoja kesho. Alibadili nguo, akatembea mpaka hospitali. Njiani alijiambia mara kumi kwamba angeweza kurudi, kwamba mafuta yameshatiwa dizeli, hayatauzwa tena, ya nini kumwaga unga wake mwenyewe. Matroni alikuwa kwenye chumba chake kidogo akihesabu bandeji. Dobi hakukaa.

"Mafuta ya jikoni kwenu. Yale ya madumu ya njano. Mmwage."

Alimweleza yote, tangu mende mpaka herufi D, bila kumficha ndugu yake na bila kujificha yeye. Matroni alisikiliza bila kupepesa. Mwishoni aliinuka, akaenda jikoni, na Dobi akamsikia akisema neno moja tu kwa mpishi, kisha vyombo vikigongana, kisha sauti ya kitu kizito kikimwagwa kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya koti lake, koti ambalo Dobi alilifua wiki ile.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Nitalazimika kumwita Bwana Afya aje akague."

"Najua."

"Na makoti yetu tutayapeleka kwingine. Si kwa kukukomoa. Nikiyavaa nitakuwa nayasikia mwilini." Akasita, na kwa mara ya kwanza uso wake mkavu ukajikunja. "Jumapili nilionja chakula cha wagonjwa. Huwa naonja. Nikasema leo kimekaangwa vizuri."

Bwana Afya alikuja na daftari. Alinusa mapipa, akaruka nyuma, akaandika. Injini akaiacha, kwa sharti la dizeli lile lile na sakafu ya saruji kibandani. Spana aliitwa ofisini kwake mara tatu, na nyumba kwa nyumba jina lake likatembea. Mama Karai hakukaanga kwa wiki nzima. Alipoanza tena alikuwa na chupa za mafuta ya dukani amezipanga mbele ya meza zionekane, na viazi vyake vilikuwa vichache kuliko zamani. Dobi alipopita alimsalimu. Mama Karai aliitikia huku akigeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Wiki ya tano injini iligoma. Dobi alikuwa akiiwasha na kuizima mwenyewe, akijaza dizeli na mafuta kwa kuziba pua, na siku moja alisahau kurudisha koki kwenye dizeli kabla ya kuzima. Mafuta yaliganda kwenye bomba. Alihangaika nayo asubuhi nzima. Saa tano hivi alisikia mfuko wa vyuma ukiwekwa chini nyuma yake.

Spana alikuwa amekonda. Hakusalimia. Alipiga magoti, akafungua bomba, akalipasha moto kwa kitambaa, akalipuliza. Donge jeusi likaruka ukutani. Mpiga Pasi alichungulia kupitia dirisha, akawaona wawili wale kimya, akarudisha kichwa chake ndani upesi.

Injini ilipokubali, Spana alibaki amechuchumaa.

"Ulikwenda kwa Matroni," alisema. "Mimi ni mdogo wako."

"Ndiyo maana nilikwenda mwenyewe. Sikumtuma mtu."

Spana akatikisa kichwa taratibu. Dobi aliingia ndani, akatoka na sahani: ndizi na maharage, vya kuchemsha, alivyotoka navyo nyumbani kwa sababu hakuweza tena kula kitu kilichopita kwenye mafuta ya mtu mwingine. Spana alinawa mikono kwenye bomba la uani, akajisugua mpaka viwiko. Dada yake alimtazama akijisugua, na swali lililokuwa limemkaa kifuani wiki tano likatoka lenyewe.

"Kwako mlikuwa mnapikia yale?"

Spana aliacha kusugua. Maji yakaendelea kutoka.

"Spana."

"Hapana," alisema. "Wifi yako alikataa yasivuke mlango. Kwetu tulikuwa tunanunua ya dukani."

Kwa hiyo alijua. Tangu dumu la kwanza alijua, na siku ile alilamba kidole. Dobi alisikia kile kinyaa kikimpanda tena kutoka tumboni, si cha mende wala utando safari hii, bali cha mtu ambaye yeye mwenyewe alimkogesha kwa mikono yake. Aliweka sahani juu ya pipa lililogeuzwa, akaweka na kijiko, akamsogezea kiti.

"Kula kabla hakijapoa," alisema.

Lakini yeye hakukaa. Mashine ya kwanza ilikuwa imesimama, imemaliza. Alitoa nguo, akazikung'uta moja moja, akaenda kuzianika mbele ya duka, mgongo ameuelekeza uani.